Saa 24 ndani ya fuvu: kisa cha Oslo na dawa iliyochelewa kutoka

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwanamke kijana, hajafika miaka 30, yuko Rikshospitalet, hospitali kubwa ya rufaa mjini Oslo, Norwei. Anachomwa sindano nyembamba kiunoni, katikati ya pingili mbili za mgongo, na kupitia sindano hiyo anaingiziwa dawa ya kontrasti, ile inayofanya sehemu za mwili zing'ae kwenye picha, nusu mililita. Hayo ni matone kama 10. Ukiyadondosha kwenye kijiko cha chai yanalowanisha kitako tu. Baada ya saa 1 analazwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio. Saa 4 na nusu baada ya sindano anarudishwa tena. (Msomaji wa Kiswahili aangalie hapa: si saa nne na nusu ya asubuhi. Katika habari hii saa zote zinahesabiwa tangu sindano.)

Picha hizo zilionyesha jambo ambalo hadi wakati huo lilikuwa limeonekana kwa panya tu. Dawa haikuishia kwenye maji yanayouzunguka ubongo. Ilikuwa imeingia kwenye nyama ya ubongo yenyewe, na imeenea pande zote.

Per Kristian Eide, daktari wa upasuaji wa ubongo, na Geir Ringstad, mtaalamu wa radiolojia, walikichapisha kisa hicho mwaka 2015. Kurasa zake ni chache, na mgonjwa ni mmoja tu. Hata hivyo ndicho ninachopenda kuanzia kila mtu anaponiuliza habari za "ubongo kujiosha usiku", yaani lile dai kwamba mtu akilala ubongo wake hujisafisha uchafu, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku kwenye magrupu ya WhatsApp: dawa kuingia ubongoni, na dawa kutoka. Picha za yule mwanamke zilithibitisha la kwanza. La pili zisingeweza kulisema hata kama mashine ingekuwa bora kuliko zote duniani. Upigaji uliishia saa 4 na nusu, na safari ilikuwa haijafika hata nusu.

Mlango wa nyuma

Wengi waliopimwa MRI wakaambiwa "tutakuchoma dawa" walichomwa kwenye mshipa wa mkono. Dawa hiyo inazunguka na damu, inapita kichwani, lakini haiingii kwenye ubongo wenye afya, kwa sababu kuta za mishipa midogo ya ubongo zimezibwa kwa namna ambayo mishipa ya misuli au ya ngozi haikuzibwa. Ndiyo maana uvimbe wa ubongo unang'aa kwenye picha: pale ukuta umeharibika, dawa inavuja. Kusipovuja hakung'ai. Wenye figo nzima huipunguza dawa hiyo kwenye damu kwa nusu katika muda usiofika saa 2, na mwisho wa yote inatoka na mkojo.

Sindano ya kiunoni inaupita ukuta huo kwa nyuma. Ubongo na uti wa mgongo vinaelea ndani ya maji safi, kiasi cha mililita 150 kwa mtu mzima, na mwili unatengeneza karibu mililita 500 mapya kila siku. Kwa hiyo maji yale hubadilishwa yote zaidi ya mara 3 kwa siku. Ukidondosha kitu ndani yake kiunoni, hujakitia kwenye damu. Umekitia kwenye bwawa ambalo ubongo wenyewe umekaa ndani yake.

Dawa iliyotumika Oslo ni gadobutroli. Ndani yake mna gadolini, metali yenye namba 64 kwenye jedwali la elementi, na chembe yake ina elektroni 7 ambazo hazina wenzi. Elektroni hizo zinaifanya iwe sumaku ndogo yenye nguvu. Watu hudhani MRI inaiona dawa. Haiioni. Inachokisikiliza ni protoni za maji. Zikigutushwa na mawimbi ya redio, protoni hizo huchukua muda kurudi kwenye mstari wao, na gadolini ikiwa karibu zinarudi haraka zaidi, kwa hiyo pale panaonekana peupe. Kinachong'aa ni maji yaliyo jirani na dawa.

Gadolini ikiwa tupu ni sumu. Ukubwa wake unakaribiana na wa kalsiamu, na mwili unaweza kuichukua kimakosa. Ndiyo maana inafungiwa ndani ya tundu la kikemikali. Matundu ni ya aina mbili: yale ya mnyororo ulio wazi, na yale ya pete iliyofunga pande zote. Gadobutroli ni ya pete. Tofauti hiyo ilipata uzito mwaka 2014, mtafiti Kanda na wenzake huko Japani walipoonyesha kwamba wagonjwa waliochomwa dawa za kontrasti mara nyingi walikuwa na weupe usioisha kwenye sehemu fulani za ndani ya ubongo, hata wakipigwa picha bila dawa. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ikasimamisha nyingi za zile za mnyororo. Hicho ni kisa kingine. Nimekitaja ili msomaji asidhani kwamba "dawa ya kontrasti" ni kitu kimoja.

Panya kwanza

Wazo la kwamba maji ya nje yanaingia ndani ya ubongo kwa kufuata mishipa lilipata jina mwaka 2012, katika maabara ya Maiken Nedergaard huko Rochester, jimbo la New York. Waliuita mfumo wa glimfatiki, kwa kuunganisha glia, zile seli zinazouhudumia ubongo, na limfu, yale maji yanayobeba uchafu sehemu nyingine za mwili. Maelezo yao ni haya: kila ateri inayozama ndani ya ubongo imevikwa nafasi nyembamba, kama bomba lililovikwa bomba jingine. Maji yanaingia kwa nafasi hiyo, yanapenya katikati ya seli, kisha yanatoka kandokando ya vena na kubeba uchafu. Kwenye ukuta wa nafasi hiyo kuna milango midogo ya maji, protini iitwayo akwaporini-4.

Mwaka 2013 kundi hilo, pamoja na Helene Benveniste aliyekuwa Stony Brook, walifanya jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko lile lililowapa umaarufu. Waliwaingizia panya dawa mbili za kontrasti nyuma ya shingo: moja ndogo, yenye uzito wa molekuli unaokaribia 940, na nyingine kubwa mno, kama 200,000. Zote mbili zilifuata mishipa. Lakini ile ndogo ndiyo iliyoenea ndani ya nyama ya ubongo. Kubwa ilikwama kwenye nafasi za kandokando ya mishipa. Ni chekeche, na unga wenyewe ndio uliokuonyesha ukubwa wa matundu. Gadobutroli ina uzito wa kama 605. Iko upande wa zile zinazopita.

Ila ubongo wa panya ni gramu 2 hivi, na wa binadamu unakaribia 1,400. Kitu kilichosafiri milimita chache kwa panya, kwa mtu kina sentimita kadhaa mbele yake. Hesabu ya umbali, kama tutakavyoona, si ya kuzidisha tu.

Walichofanya baada ya yule mwanamke

Eide na Ringstad hawakuridhika na saa 4 na nusu. Katika kazi zilizofuata, zilizochapishwa 2017 na 2018, wagonjwa walipigwa picha kabla ya sindano, wakapigwa tena na tena katika saa za mwanzo huku wakiwa wamelala chali, kisha kwenye saa 24, saa 48, na mwisho baada ya wiki 4. Mashine ilikuwa ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na picha zilikatwa kwa unene wa milimita 1.

Makundi yalikuwa mawili. La kwanza ni watu waliochunguzwa kwa sababu mbalimbali lakini ubongo wao unakaribia kuwa wa kawaida. La pili ni wazee wenye kichwa maji cha aina ambayo huku kwetu haisemwi sana. Mtu akisikia kichwa maji anamfikiria mtoto mwenye kichwa kikubwa. Kwa mzee fuvu limekwishafunga, halitanuki, na mgandamizo wa maji ukipimwa unakutwa wa kawaida. Kinachotanuka ni vyumba vya maji vya ndani ya ubongo. Mgonjwa anaanza kutembea kama nyayo zimegandishwa sakafuni, mkojo unamtoka, anasahau. Nyumbani wanasema ni uzee. Wengine wakiwekewa mrija wa kupunguza maji wanatembea tena vizuri, na hapo ndipo hamu ya Oslo ya kujua njia ya maji ilipotoka: ni swali la daktari anayepaswa kuamua nani awekewe mrija.

Njia iliyoonekana kwenye picha ni hii. Dawa inapanda uti wa mgongo na kufika chini ya ubongo, nyuma ya shingo. Kutoka hapo haitandazi sawasawa kama maji yanayojaa beseni. Inafuata ateri kubwa zinazopita juu ya ubongo, ile ya mbele, ya kati na ya nyuma, na gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, lililo karibu na ateri hizo ndilo linaloanza kung'aa. Kisha weupe unaingia ndani, kutoka nje kwenda katikati. Sehemu zilizo mbali na ateri hizo zinangoja zamu.

Jambo moja la kiufundi linafaa kusimuliwa, maana lisipofanyika vizuri habari yote inaharibika. Namba za mwangaza wa MRI hazina kipimo kama kilo au lita. Ukipiga picha leo asubuhi na kesho asubuhi, mashine ileile, mtu yuleyule, weupe unaweza kutofautiana kwa sababu ya mashine tu. Kwa hiyo katika kazi zao kadhaa waliugawa mwangaza wa kila sehemu ya ubongo kwa mwangaza wa ute ulio ndani ya mboni ya jicho la mgonjwa huyohuyo, picha hiyohiyo. Jicho la mgonjwa likawa rula yake. Hata hivyo rula hiyo haikupi kiasi cha dawa moja kwa moja. Weupe hauendi sambamba na wingi: dawa ikizidi sana mahali, kama ndani ya maji katika saa za mwanzo, mwangaza hushuka badala ya kupanda. Ukiona mtu anachora grafu ya "kiasi cha dawa ubongoni" kwa kutumia weupe mtupu, muulize alifanyaje hapo.

Matokeo: kwa watu wanaokaribia kuwa wazima, weupe wa ubongo uliendelea kupanda mchana kutwa baada ya sindano, ukafika kileleni usiku, na kwenye saa 24 bado ulikuwa mwingi. Kwenye saa 48 ulikuwa umeshuka. Wiki 4 baadaye ubongo ulirudi kama ulivyokuwa kabla.

Kwa wazee wenye kichwa maji mambo mawili yalikuwa tofauti. Kwanza, dawa ilirudi kinyumenyume na kuingia kwenye vyumba vya ndani, mahali ambapo kwa kawaida maji yanatoka, hayaingii. Pili, kwenye saa 24 ubongo wao ulikuwa bado umebaki na dawa nyingi kuliko wa watu wa kundi la kwanza. Mwaka 2019 wenzao wa Oslo walipima vipande vidogo vya ubongo wa wagonjwa wa aina hiyo, wakakuta akwaporini-4 imepungua pale inapotakiwa kukaa, kwenye nyayo za seli zinazoikumbatia mishipa.

Sasa wachukue wazee hao uwapige picha kwenye saa 1 na saa 4 na nusu tu, kama yule mwanamke. Ungeona dawa imeingia, ungeandika "imeenea", na ungefunga faili. Tofauti iliyo na maana kwa daktari ingekuwa bado haijaonekana.

Sukari isiyokorogwa

Ugomvi mkubwa wa wataalamu hauhusu kama dawa inafika. Unahusu inafikaje. Je, inabebwa na mkondo, au inatawanyika yenyewe?

Tia sukari kwenye chai usikoroge. Ukingoja, itaenea yenyewe hadi juu, molekuli moja moja, bila mtu kuisukuma. Ila chai itakuwa imepoa kabla hujaionja. Huo ndio mtawanyiko, na una sheria moja kali: umbali ukiwa mara 2, muda unakuwa mara 4.

Tuweke namba. Gadobutroli ndani ya tabaka la kijivu la ubongo inatawanyika kwa kiwango kinachokaribia milimita za mraba 0.00013 kwa sekunde. Muda wa safari unaupata kwa kuzidisha umbali kwa umbali wenyewe, kisha kugawanya kwa mara mbili ya kiwango hicho. Milimita 1 inachukua karibu saa 1. Gamba la ubongo lenye unene wa milimita 2.5 linachukua kama saa 7. Milimita 5, saa 27. Sentimita 1, saa 107, yaani siku 4 na nusu. Sentimita 3? Zaidi ya mwezi, na mwezi ukiisha wale wagonjwa walikuwa hawana dawa tena.

Hesabu hii ya kwenye karatasi inatisha kuliko hali halisi, kwa sababu ubongo umekunjwakunjwa na maji yanaingia hadi chini ya kila kunjo, hivyo hakuna sehemu nyingi zilizo sentimita 3 kutoka kwenye maji. Lakini inatosha kuonyesha kwa nini picha ya saa 24 iliwasumbua watu wa hesabu. Weupe ulikuwa umefika ndani kuliko sukari isiyokorogwa inavyoruhusu.

Kinachonifurahisha ni kwamba pande zote mbili za ugomvi ziko Oslo, na baadhi ya majina ni yaleyale. Mwaka 2017 kundi lililokuwa na Karl Erik Holter na Kent-Andre Mardal lilijenga kwa kompyuta kipande cha nyama ya ubongo kutokana na picha za hadubini ya elektroni, kisha likajaribu kusukuma maji katikati ya seli. Njia zilikuwa nyembamba mno, maji hayakwenda. Wakasema katikati ya seli ni mtawanyiko, si mkondo. Miaka mitatu baadaye Lars Magnus Valnes, Mardal na wenzao, wakiwa na Eide na Ringstad, walichukua picha za saa 24 za wagonjwa halisi na kuuliza: ni kiwango gani cha mtawanyiko kingeleta picha kama hizi? Kwenye gamba la ubongo kilihitajika kiwango kikubwa kuliko kile unachokipata kwa kupima jinsi maji yanavyotikisika mahali hapohapo.

Mwaka 2023 Vegard Vinje na wenzake wakalisogeza mbele. Walisema picha za saa 24 na 48 zinaelezeka ukifanya mojawapo ya mambo mawili: ama kuzidisha mtawanyiko mara 3.5 na papo hapo kuruhusu dawa ifutike palepale ilipo kwa kasi ya kupungua nusu ndani ya muda unaoweza kufika saa 5, au kuongeza mkondo wa maikromita 1 hadi 9 kwa dakika. Maikromita 9 kwa dakika ni nusu milimita na ushee kwa saa. Konokono angekupita ukiwa umelala. Lakini kwa saa 24 mwendo huo unakuwa milimita 13, na huo si umbali mdogo ndani ya fuvu.

Angalia neno "mojawapo". Picha hazikuchagua. Maelezo mawili tofauti yalizaa weupe unaofanana, na hilo kwangu ndilo funzo gumu la kazi hii: MRI inakuonyesha dawa iko wapi saa fulani, haikuonyeshi imebebwa na nini. Mimi naegemea upande wa wanaosema kuna mchanganyiko, kwamba kandokando ya ateri maji yanasukumwa na mapigo, na katikati ya seli dawa inajitawanyia yenyewe. Wataalamu waliobobea bado wanapingana na hilo kutoka pande zote mbili.

Waliokeshwa

Tufike kwenye usingizi, kwa sababu ndiko habari hii ilikopata mbawa. Mwaka 2013 maabara ya Nedergaard ilisema kwamba panya akilala, nafasi katikati ya seli za ubongo wake inapanuka kwa karibu asilimia 60. Hapo ndipo yalipotoka yale mabango ya "lala, ubongo uoshwe". Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London wakapima panya kwa njia nyingine wakasema kinyume: wakati wa usingizi na wa nusukaputi usafishaji unapungua. Kwa panya, basi, kesi bado haijaamuliwa.

Kwa binadamu tunayo kazi ya Oslo ya mwaka 2021. Watu 7 walichomwa gadobutroli kiunoni wakakeshwa usiku mzima. Wengine 17 walichomwa vilevile wakaachwa walale. Waliokesha walibaki na dawa nyingi zaidi kwenye sehemu nyingi za ubongo. Usiku uliofuata waliruhusiwa kulala. Kwenye saa 48 pengo lilikuwa bado lipo. Usingizi wa kulipia deni haukulilipa.

Watu 7 ni wachache. Tena gadobutroli si uchafu wa ubongo. Ni molekuli ndogo inayopenda maji, haigusi chochote, haishikwi na seli. Protini zinazohusishwa na ugonjwa wa kusahau ni kubwa kuliko hiyo mara kadhaa, zinanata, zinakatwakatwa njiani. Kusema kwamba gadobutroli ilichelewa, kwa hiyo uchafu ulichelewa, ni sawa na kuhesabu muda wa pikipiki kutoka Ubungo hadi Posta halafu ukamwambia dereva wa lori muda wake ni huohuo. Barabara ni moja, na foleni ileile, lakini chombo si kimoja.

Kipimo hiki si cha kuomba

Kila ninapoisimulia habari hii kuna mtu anauliza kama anaweza kumpeleka mzazi wake akapimwe hivyo. Hapana. Dawa hizi zimeidhinishwa kuingizwa kwenye mshipa wa damu. Kuziingiza mgongoni ni matumizi nje ya idhini, na Oslo walifanya chini ya vibali vya utafiti na kwa dozi ya milimoli 0.5 (milimoli ni kipimo cha wingi wa kemikali). Mtu wa kilo 70 akichomwa mkononi anapata kama milimoli 7, mara 14 ya hiyo, na anaamka anaenda zake. Dozi za zaidi ya milimoli 1 zikiingia mgongoni zimeleta kuchanganyikiwa, degedege, kupoteza fahamu, na vifo, mara nyingine kwa sababu tu mtu alishika chupa isiyostahili. Mkononi kuna figo zinazochuja na ukuta unaoulinda ubongo. Mgongoni hakuna ukuta.

Kwa dozi yao ndogo, walipowafuatilia wagonjwa 100 na kutoa taarifa mwaka 2019, walikuta maumivu ya kichwa na kichefuchefu vya kupita, bila madhara makubwa. Baadaye wakajaribu kushusha hadi 0.25 na 0.10 ili kuona kama picha bado zinasomeka. Hiyo ndiyo njia sahihi ya kwenda, kushuka.

Usiku usio na picha

Nirudi kwenye kile kilele cha usiku. Nilipozitazama nyakati za upigaji kwa mara ya kwanza, jicho lilinikwama mahali pamoja. Picha za siku ya kwanza zinaishia jioni, saa 6 hadi 9 tangu sindano. Inayofuata ni ya saa 24. Katikati hakuna kitu. Weupe ulikuwa unapanda jioni, asubuhi ulikuwa juu, na kilele kikawekwa mahali fulani gizani.

Dawa nayo ilikuwa inatoka. Sehemu yake iliingia kwenye damu, sehemu ikaonekana kwenye utando mgumu ulio juu kabisa ya ubongo kandokando ya mshipa mkubwa wa katikati, sehemu ikashuka hadi kwenye tezi za limfu za shingoni, ambazo nazo zilifika kileleni karibu na saa 24, sambamba na ubongo wenyewe. Kwa hiyo usiku ule kuingia na kutoka vilikuwa vinaendelea pamoja, na zamu inapobadilika, kutoka kukazidi kuingia, hakuna picha iliyopigwa.

Sababu si uzembe. Mgonjwa ametobolewa mgongo, amelala chali saa nyingi, amechoka. Na ukitaka kujua usingizi unafanya nini, ni vigumu mtu kulala usingizi wake wa kawaida ndani ya MRI ya Tesla 3. Mashine inagonga kama mafundi bati wa Gerezani, na mtu anawekewa viziba masikio hata akiwa macho. Ukimpiga picha saa 15 tangu sindano, huenda umemwamsha. Ukimwacha alale, huna picha. Kundi la Vinje lililijaza pengo hilo kwa hesabu, wakiwa na ncha mbili tu za kamba, jioni na asubuhi, na njia mbili za kuziunganisha.

Yule mwanamke wa 2015 alipigwa picha ya mwisho kwenye saa 4 na nusu. Dawa ndani ya kichwa chake ilikuwa bado inapanda.